Kuku Aliyemeza Kitovu Changu

Watu wengine husimuliwa walivyozaliwa: mvua ilikuwa ikinyesha, au baba alikuwa safarini, au mkunga alichelewa. Mimi nilisimuliwa habari za kuku. Kikonyo cha kitovu changu kilipokauka na kudondoka, aliyekuwapo ni mama peke yake, na mama alisema kuku ameingia ndani, akakidonoa, akakimeza. Hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyonihusu kuenea pale Vudee, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Lilikuwa jambo zito. Siku zile kikonyo cha mtoto wa kiume hakikuachwa kijidondokee tu kama jani. Kililindwa. Kikidondoka kando, vema, kinazikwa mgombani na mtoto ana kwao. Lakini kikidondoka na kugusa uanaume wake, basi tena: atakua, ataota ndevu, atalipa kodi ya serikali kama wenzake, ila hatapata mtoto. Kwa hiyo mzazi alitawishwa ndani akiwa na kazi tatu: kula, kunyonyesha na kukodoa macho. Kikidondoka, anamwita mama mkwe aje ashuhudie kilipoangukia. Mama yangu alipomwita mama mkwe wake, yaani bibi yangu mzaa baba, hapakuwa na cha kushuhudia. Palikuwa na mtoto, na pembeni kuku wanapekua majivu.

Bibi hakuwa mtu wa kuacha kesi iishe kwa kukosa ushahidi. Aliamuru mhalifu akamatwe. Kuku walikuwa kadhaa, lakini mwekundu mmoja alikimbia kuliko wengine, na hilo lilitosha kumtia hatiani. Akachinjwa, firigisi ikapasuliwa mbele ya wanawake wa ukoo. Mlikuwa na punje za mahindi, changarawe, na kifungo cha shati ambacho hakuna aliyekidai. Kitovu hakikuwamo. Bibi akatoa hukumu hivyohivyo: kuku anasaga mawe, atashindwaje kusaga kitovu? Kisha wakamla. Mama, aliyestahili mchuzi ule kuliko wote, hakuugusa, wala hakula kuku tena tangu siku hiyo. Wengi walidhani anashika miiko ya zamani iliyowakataza wanawake kuku, na akina mama wa kanisani walimkumbusha mara kwa mara kwamba sasa ni Mkristo, ameshafunguliwa. Mama alitabasamu, akajipakulia makande.

Wakati ukoo mzima ukinichungulia huku chini kutafuta dalili, tatizo lenyewe lilikuwa likiota hapa juu. Kitovu changu hakikufumba. Nikilia, kilichomoza kama ncha ya kidole gumba. Nilipoanza kukaa, kilikuwa limau. Leo mtu yeyote aliyepita hospitali angesema ni ngiri ya kitovu: tundu ambalo kamba ya uzazi ilipitia limebaki wazi kwenye ukuta wa tumbo, na utumbo unatoka kuchungulia dunia. Bibi aliliona kwa namna yake. Alisema hizo ni nguvu za uanaume. Kwa kuwa kuku alivuruga mambo, nguvu zilikosa njia ya kushukia, zikarundikana kitovuni. Kwa hiyo bado zimo. Muhimu zifungwe zisimwagike, na asitokee mtu wa kuzigusa kwa kisu.

Mama aliipokea elimu hiyo kwa mikono miwili. Wanawake wengine wangeona aibu kuwa na mtoto mwenye limau tumboni. Yeye aliniacha nitembee kifua wazi, mbele ya watu, hata baridi ya kwetu ilipokuwa inauma. Mtu akisema, "Huyu mwana ana kitovu!" mama alijibu, "Ee, anacho," kama aliyesifiwa ng'ombe.

Zikaja habari za kukifunga. Dawa ilikuwa kipande cha sarafu kukandamiza, na kitambaa kuzunguka kiuno. Mama alikuwa na sarafu moja kubwa ya Mjerumani, nzito, isiyo na tundu, ambayo pengine ingefaa. Bibi akaikataa. "Mjerumani ameshindwa vita," alisema, "hela yake itashinda kitovu?" Akatoa senti kumi ya Mwingereza, mpya, yenye taji la Mfalme upande mmoja, pembe za ndovu upande wa pili, na tundu katikati. Tundu lilimfurahisha sana. Alisema pumzi itapata pa kupitia.

Kilichopitia si pumzi. Nililia kwa njaa kama mtoto yeyote, kitovu kikachomoza ndani ya lile tundu, kikavimba upande wa pili, kikawa kimeivaa sarafu kama pete. Niliambiwa nilipiga kelele hadi watu waliokuwa wakizibua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, huko juu wakaacha majembe. Ilitolewa kwa samli na maombi. Kwa muda mrefu baadaye nilikuwa na alama ya pembe mbili za ndovu kuzunguka kitovu, na babu alikuwa akiwaambia wageni kwamba Mwingereza huyu hana mchezo: nchi nzima hajamaliza kuizunguka, lakini mjukuu wake ameshapigwa muhuri.

Nilikua nacho. Watoto wenzangu walikipenda, kwa sababu ukikibonyeza kilirudi ndani kwa sauti ya maji yanayomaliziwa kibuyuni, na niliruhusu kila aliyeniletea kiazi cha kuchoma abonyeze mara moja. Nilijua pia upande wake mwingine. Nikila makande mengi na kupanda mlima, kilikuwa kinakaza na kuuma, na nililala chali njiani nikikisukuma polepole, nikivuta pumzi, mpaka kikubali. Sikuwa ninamwambia mtu. Nilidhani kila mwanamume ana mahali pake pa kusukuma.

Mara moja alipanda kwetu bwana wa chanjo ya ndui kutoka Same. Nilivua shati nichanjwe begani, naye akasahau bega. Akakibonyeza kitovu kwa vidole viwili, akasikiliza, akamgeukia mama.

"Mama, huu ni utumbo."

"Asante, bwana."

"Wengine huziba wenyewe wakiwa wadogo. Huyu ameshakuwa mkubwa na tundu ni pana. Leo unarudi. Siku ukikataa kurudi, utajinyonga humo ndani, na huyo mtoto hamtakuwa naye. Mpeleke hospitali washone."

"Asante sana, bwana. Mungu akubariki," mama alisema, akanifunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Njiani hakusema kitu mpaka tulipofika mgombani kwetu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba yule bwana amesoma, lakini si vyote vinasomwa, na kwamba siku nikimwona mtu yeyote ananikaribia na wembe, nikimbie.

Nikawa kijana, nina mibuni yangu michache, na nikampenda msichana wa Chome. Chome ni juu zaidi, karibu na msitu, njia yake inapanda na kushuka kama inayokupima nia. Nilidhani umbali ule umeniokoa na habari za kuku. Kumbe habari za kuku zilifika kabla yangu. Baba yake, mzee wa kanisa aliyeheshimika kuanzia huko mpaka kwetu, alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, na baada ya shikamoo na marahaba akakohoa.

"Kijana, sisi ni Wakristo. Mambo ya vitovu hatuyaamini."

"Ndiyo, baba."

"Ni ujinga wa zamani."

"Ndiyo, baba."

"Lakini lazima tuhakikishe."

Namna ya kuhakikisha aliichagua mwenyewe. Alikuwa anajenga nyumba, na nguzo ya kati ilikuwa bado imelala ukingoni mwa msitu ilikokatwa. Mti kama ule walikuwa wakiubeba watu watatu. Siku hiyo, kwa bahati, wapwa zake wote walikuwa kwenye msaragambo, wamekwenda na kijiji kizima kuchimba mfereji. Akaniuliza kama naona vibaya kumsaidia. Mchumba anayeulizwa hivyo na baba mkwe hana jibu ila moja. Mtu ambaye uanaume wake ulimezwa na kuku, alionelea yule mzee, hawezi kubeba nguzo ya nyumba. Kwa hiyo hofu ya ugonjwa ambao sikuwa nao ilinitwisha mzigo ambao ugonjwa niliokuwa nao haukuuweza.

Niliubeba. Naomba hilo lieleweke. Niliubeba peke yangu kutoka ukingo wa msitu mpaka uwanjani kwake, naye akinifuata nyuma na bakora yake, akinieleza jinsi mvua za mwaka ule zilivyochelewa. Nilipoutua, nilisikia kitu kimechanika pale katikati yangu. Nilisimama wima nikatabasamu kwa sababu yule msichana alikuwa mlangoni. Kisha nikapiga magoti, nikatapika.

Kitovu kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia, na hakikutaka kurudi. Nililala chali kama nilivyozoea, nikasukuma, nikavuta pumzi. Kila nilipokigusa niliona giza. Mpaka jioni kilikuwa kimegeuka rangi. Niliogopa. Nilimkumbuka yule bwana wa chanjo neno kwa neno, na nilitambua kwamba huku ndiko kukataa alikosema.

Waliokwenda kwenye msaragambo waliporudi walikata miti ya machela, na alfajiri waliniteremsha kwa zamu, baba mkwe naye akiwa ameshika pembe moja, akisali kwa sauti. Mama alitukuta njia panda ya kwetu. Hakulia. Alishika mti wa machela kwa mkono mmoja akateremka nasi mpaka Same, ambako lori la mbao lilitupakia kwenda hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka. Alinitazama mara moja tu, akamwambia muuguzi atafsiri: utumbo umenaswa, unaoza, lazima akate sasa hivi, na kitovu chenyewe atakiondoa. Ndugu aliyekuja na mgonjwa anasemaje?

Nilikuwa nimelala pale namwangalia mama. Huyu ndiye aliyenifundisha kukimbia wembe. Kwake yeye, kukata pale ni kumaliza ukoo, maana kila kilichobaki cha uanaume wangu kilikuwa kimehifadhiwa mle. Alisimama akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Muuguzi akauliza tena.

"Kateni," mama alisema. "Afadhali awe hai, hata asipozaa."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetia saini jambo alilolijua siku nyingi. Nilitaka kumuuliza kitu, lakini walishanifunika pua na ile dawa yao tamu.

Nilirudi nyumbani bila kitovu. Palikuwa na kovu refu na bapa, tumbo kama la samaki. Wageni walikuja kuniona ambao hawakuwahi kuja nilipokuwa nacho. Mzee mmoja alinitazama kwa muda, akauliza kwa upole kabisa nitawathibitishiaje watu kwamba nilizaliwa. Bibi, aliyekuwa mkongwe sana, alihesabu hasara: kimoja kimo tumboni mwa kuku, cha pili kimetupwa kwenye ndoo ya Wazungu. Alisema mtu wa namna hiyo akifa hata mizimu haitajua imwelekeze upande gani. Aliondoka duniani yeye mwenyewe kabla ya mavuno, akiwa bado amenikasirikia.

Baba mkwe alikuwa mwadilifu. Nguzo ilikwisha kubebwa, hilo hakulikana, na nyumba ilikuwa imesimama juu yake. Lakini aliona mtihani umekuwa na matokeo mawili. Akamwita binti yake, akamweleza, kwa lugha ya kikanisa, kwamba si dhambi kubadili nia. Yule binti akajibu, "Baba, mimi naolewa na mtu. Siolewi na kitovu." Ndipo tukaoana.

Haikusaidia kwamba mtoto alikawia. Mke wangu alipita kisimani na wanawake wakamtazama kiuno. Mimi nilipita na wanaume wakanitazama mahali ambapo kitovu kingekuwa. Mama peke yake hakututazama. Alikuja, akapalilia migomba yetu kama aliyeajiriwa, akaondoka. Nilidhani ameshanikatia tamaa, na iliniuma kuliko maneno ya kisimani.

Kisha tukapata binti. Baada ya kikonyo kudondoka, mahali pasipo na shaka na bila kuku yeyote karibu, kitovu chake kikaanza kuchomoza. Kile changu kabisa: ncha ya kidole gumba, akilia. Wanawake walipiga vigelegele. Baba mkwe aliteremka kutoka Chome kuja kukitazama, akakitazama, akavua kofia, akasema Mungu hamtupi mja wake. Mtoto alipakatwa na watu wote, nguo imefunuliwa, kila mmoja akihakikisha kwamba baba yake ni mimi. Mama alipoletewa, alikigusa kwa kidole kimoja, kisha akaketi chini sakafuni akalia, akalia, hata waliokuwa nje wakauliza nani amefariki.

Katika sherehe yote ile mtu mmoja tu hakufurahi, naye ni mimi. Wao waliona muhuri wa ukoo. Mimi niliona machela.

Kesho yake mama alifungua kisanduku chake akatoa ile senti kumi. Alikuwa ameitunza. Niliichukua mkononi mwake kwa heshima, na Jumapili nikaitumbukiza kwenye kikapu cha sadaka, ikafanya kwa mara ya kwanza kazi ya senti. Kisha nikamteremsha binti yangu kwa yule daktari mwenye haraka. Alitia ncha ya kidole katika lile tundu, akasema ni dogo, watoto wengi wa namna hii huziba bila dawa kabla hawajaanza shule. Nisifunge kitu, maana kufunga hakuzibi, kunachubua tu na kuozesha ngozi. Nitazame. Kikiwa kigumu, mtoto akilia bila kunyamaza, akitapika, nisingoje mtu yeyote anipe ushauri; niteremke naye.

Nikatazama. Miaka yote ile, kila jioni baada ya kutoka shambani, nilinawa mikono nikatia kidole kwenye kitovu cha mwanangu kupima tundu. Watu waliopita barazani walicheka. Walidhani najivunia ushahidi wangu. Tundu lilichukua kidole kizima, halafu ncha, halafu ukucha. Jioni moja kidole kiligonga ukuta. Nikajaribu tena. Binti yangu akanisukuma mkono akasema namtekenya. Nilimkumbatia mpaka akalalamika, kisha nikatoka nikamkamata kuku, tena mwekundu, nikamchinja.

Mama alikuja kula nasi. Mke wangu alimpakulia ndizi na maharage, kama kawaida. Mama hakuanza kula. Alikuwa amempakata mjukuu, mkono wake ukiwa juu ya lile tumbo bapa.

"Sasa amekuwa kama wewe," alisema. "Hana."

"Anacho, mama. Kimeziba tu. Ni mzima."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, akilitazama sinia, "Kuku hakumeza kitu."

Tuliacha kutafuna.

"Kilidondokea palepale wanapokataza. Nilikiona. Nilikuwa mtoto mwenyewe, bibi yako yuko nje, naogopa kurudishwa kwetu. Nikakitoa upesi nikakificha kwenye kanga, kuku walikuwa pale, nikasema kuku." Akamfunika mjukuu tumbo. "Wakamchinja bure."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wengine wote walishuku tu. Mama peke yake alijua. Alinilea, akaniosha, akaniacha nichumbie, akiwa na hakika kwamba sitazaa, na katika dunia nzima alikuwa na tumaini moja: lile limau. Ndiyo maana hakutaka liguswe. Ndiyo maana nusura linimalize. Nilikasirika, siwezi kukataa. Nilitaka kumwambia habari za bwana wa chanjo, na nguzo, na maumivu. Lakini nilikumbuka pia ile sauti hospitalini iliyosema kateni, na sasa tu nilielewa kilichokatwa siku ile.

"Na hicho kikonyo," nilimuuliza, "ulikifanya nini?"

"Nilikizika mgombani," alisema, akinishangaa. "Bibi yako alipokwenda mtoni. Ningekitupa, kwani wewe huna kwenu?"

Migomba ile aliyokuwa akija kuipalilia, ileile ya tangu nizaliwe, ilikuwa nyuma ya nyumba, nilipokaa naiona. Mke wangu ndiye aliyeokoa jahazi, akasogeza sinia mbele ya mama.

Mama alilitazama kwa muda. "Paja," alisema hatimaye.

Alilila lote, akaunyonya mfupa. Halafu akaomba na firigisi, ambayo kwa desturi ni ya mwenye nyumba, nami nikampa.